Mvua Inanyesha, Hesabu Iko Palepale

Haya wadau, masika ndiyo hayo tena. Mawingu yametanda upande wa Kigamboni, lile joto la Februari la kukosesha usingizi limeanza kulegea, na kila mwenye bati linalovuja anahangaika kuliziba. Na kama kawaida yetu, zile habari za mwaka jana zitaandikwa upya: bodaboda afariki, chanzo ni mwendo kasi. Tutabadilisha tarehe na jina la mtaa, basi.

Najua kwa sababu mimi ni mmoja wa wanaoziandika. Polisi anasema mwendo kasi, naandika mwendo kasi, mhariri anapitisha, tunakwenda kunywa chai. Sijawahi hata siku moja kuuliza swali la pili, ambalo hata mwanafunzi wa uandishi wa mwaka wa kwanza angeliuliza: huyu kijana alikuwa anakimbilia nini?

Leo nataka kulijibu. Na jibu halitawapendeza wengi, maana baadhi yenu mnaosoma hapa ndio jibu lenyewe.

Tuanzie mbali kidogo. Ujerumani, tangu 1997, mtu anaweza kusajili pikipiki kwa namba ya msimu. Miezi ya kutembea barabarani inaandikwa kwenye namba yenyewe, na wengi huchagua kuanzia Machi au Aprili hadi Oktoba. Baridi ikiingia, pikipiki inalala. Baridi ikiisha, kabla ya safari ya kwanza wanaambiwa: angalia tairi, angalia breki, jihadhari na mchanga uliobaki barabarani, na kumbuka mikono yako imesahau. Wanajua kwamba mwanzo wa msimu ni wakati wa hatari, na wanaujengea utaratibu.

Sisi hatuna baridi ya kulaza pikipiki. Lakini mwanzo wa msimu wa hatari tunao, tena unakuja kwa kalenda. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Bibi yangu aliyajua hayo bila redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa mwelekeo wa msimu kabla haujaanza, na mvua kubwa ikikaribia inatoa angalizo na tahadhari. Sasa inakuwaje kila mwaka tunajifanya tumeshtukizwa?

Kwa wasiojua, mvua ya kutisha zaidi kwa mwenye pikipiki si lazima iwe ile ya radi ya saa tano. Mara nyingi ni manyunyu ya kwanza. Kwa wiki kadhaa za jua, lami imekunywa oili ya malori, dizeli iliyomwagika, unga wa tairi na vumbi. Manyunyu yanapoanza hayana nguvu ya kuviosha. Yanavichanganya tu, inakuwa kama sakafu ya jikoni iliyomwagikiwa mafuta. Michoro ya rangi kwenye kivuko cha waenda kwa miguu inateleza, vifuniko vya chuma vinateleza, mchanga ulioletwa na maji unateleza.

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki inakata karibu mita 14 kila sekunde. Yaani ile sekunde moja ya kushtuka tu, kabla hujagusa breki, umeshapita urefu wa Coaster mbili zilizopangwa mstari. Mwongozo wa barabarani wa Uingereza unamtaka dereva anayeacha nafasi ya sekunde mbili mbele yake aongeze ziwe nne angalau, barabara ikilowa. Hebu nenda Buguruni saa kumi na mbili jioni umwambie mtu aache nafasi ya sekunde nne. Bajaji tatu zitaingia hapo.

Tena usidhani mwanzo wa mvua ni mmoja nchi nzima. Dodoma inakaa kavu miezi kama saba, kuanzia Mei, na mvua ikija Novemba au Desemba inakuta vumbi la nusu mwaka, korongo linajaa kwa nusu saa na kutapika mchanga juu ya lami. Shinyanga kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaganda katikati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Ndiyo maana wengine wanaing'oa kabisa madigadi ya mbele. Rungwe kuna miteremko na ukungu unaomeza taa. Bukoba mvua inanyesha karibu mwaka mzima, kwa hiyo dereva wa kule anazoea utelezi kama mvuvi anavyozoea mawimbi. Dar es Salaam tuna vyote kidogo kidogo, halafu tunaongeza mifereji iliyozibwa na chupa za plastiki, na lile bonde la Msimbazi pale Jangwani ambalo likijaa Barabara ya Morogoro inafungwa.

Kila mahali udongo unabadilika, mteremko unabadilika, hata kalenda inabadilika. Kitu kimoja tu hakibadiliki. Hesabu.

Hapa ndipo nilipokuwa napataka.

Sisi wenye ajira zetu, vijana wa kizazi hiki, tumeambiwa tuwe na kitu cha pembeni. Mshahara hautoshi, anzisha mradi. Na mradi rahisi kuliko yote ni pikipiki ya mkataba. Unanunua, unamkabidhi kijana, anakuletea hesabu kila siku mpaka siku za mkataba ziishe, kisha pikipiki inakuwa yake. Mafuta juu yake, sevisi juu yake, tairi juu yake, trafiki juu yake. Wewe kazi yako ni kusikia simu inalia "umepokea". Maofisini tunapeana hongera: fulani ana pikipiki nne barabarani. Hatusemi fulani ana vijana wanne barabarani.

Na mimi nilikuwa nayo moja. Niliinunua milioni mbili na laki nane. Mkataba ulikuwa siku 360 za kazi kwa shilingi 10,000, jumla milioni tatu na laki sita. Faida laki nane bila kutoka jasho. Nilijiona mjasiriamali kweli kweli.

Ijumaa moja ya Aprili mvua ilianza alfajiri, ikanyesha mpaka usiku. Saa tatu usiku nikatuma ujumbe: vipi, hesabu? Akajibu: "Bosi leo maji yamejaa, nimepata elfu nne tu, kesho nitaleta zote." Nikamwandikia maneno ambayo nayakumbuka yote: mvua sio yangu, mkataba ndio wangu. Nikajifunika shuka. Tena usiku huohuo nilikuwa namalizia makala kuhusu matatizo ya ajira kwa vijana. Mnaona kichekesho hicho?

Jumamosi alitoka saa kumi na moja asubuhi, kwa kuwa alikuwa na hesabu mbili za kutafuta. Manyunyu yalikuwa bado yanadondoka. Kwenye kivuko, juu ya ile michoro myeupe, gari la mbele lilisimama ghafla, naye akabana breki. Tairi la nyuma lilikuwa kipara, alikuwa anasubiri apate pesa ya kulibadilisha. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Abiria alichubuka tu, tunamshukuru Mungu.

Nilipofika hospitali nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Hakulaumu. Alichosema ni: "Bosi nisamehe, taa ya mbele imepasuka."

Jamani. Mtu amelala mguu umening'inizwa, mke ana mtoto wa miezi minne mgongoni, na anayeombwa msamaha ni mimi.

Kwenye taarifa ya ajali waliandika mwendo kasi. Ni kweli, alikuwa anakwenda kasi. Lakini ile kasi niliituma mimi kwa ujumbe wa simu, saa tatu usiku.

Nazijua hoja zenu. Ngoja nizitoe mwenyewe.

Mtasema siku ya mvua bodaboda anapata zaidi, maana bei inapanda. Ni kweli kwa saa moja au mbili, mvua inapokatika na watu wanataka kurudi nyumbani. Ikimwagika kutwa nzima, nani anapanda bodaboda? Watu wanabaki ndani, barabara nusu hazipitiki, pikipiki ikiingia maji inazima. Na hata hiyo bei kupanda ni ushahidi dhidi yetu. Programu za kuita usafiri zikipandisha bei mvua ikinyesha, maana yake hata kompyuta imeelewa kwamba siku ya mvua si sawa na siku ya jua. Aliyebaki hajaelewa ni mmiliki.

Mtasema madereva wenyewe ni wahuni, wanapita taa nyekundu, wanapanda kwenye njia ya watembea kwa miguu. Wapo, sibishi. Wengine hawana hata leseni. Lakini sheria hizohizo wanazozivunja Januari kwenye jua wanazivunja Aprili kwenye utelezi, wakiwa na deni la jana juu ya hesabu ya leo. Mtu mwenye deni la siku mbili usimhubirie subira.

Mtasema serikali ijenge mifereji, izibue madaraja. Nakubali asilimia mia, na nitaendelea kupiga kelele. Aprili 2024 Bungeni ilielezwa kwamba watu zaidi ya 150 walikuwa wamekufa kwa mvua na mafuriko. Hiyo ni kazi ya serikali, haina mjadala. Ila mfereji unahitaji bajeti, mkandarasi na miaka. Hesabu ya kesho inahitaji ujumbe mmoja kutoka kwenye simu yako.

Na mtasema biashara ni biashara. Haya, tufanye biashara basi. Tuchukulie masika yana siku 30 za mvua ya kueleweka. Ukikata hesabu nusu siku hizo, 5,000 mara 30 ni 150,000. Ukiona uchungu kuipoteza, usiipoteze: isogeze mwisho wa mkataba, ni siku 15 za nyongeza. Umechelewa wiki mbili na ushee kupata faida yako. Mimi niliyekataa kuchelewa nilipata pikipiki iliyopinda fomu ya mbele, miezi ya kusimama, na kijana ambaye hata leo anachechemea. Bima ndogo, ile ya lazima ambayo wengi tunakata ili trafiki asitusumbue, haikumlipa dereva mwenyewe hata senti. Nani hapo alifanya biashara?

Kwa hiyo nasema hivi, na nasema kwa wenye pikipiki kwanza.

Siku ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya mvua kubwa, usidai hesabu. Isogeze mwisho. Iandikwe kwenye mkataba kabisa, isiwe huruma ya bosi akiwa amefurahi. Tairi na breki za kuingilia masika ziwe juu yako, mwezi wa Februari, kabla ya tone la kwanza. Nunua elementi mbili, ya dereva na ya abiria, zenye kioo kisicho na mikwaruzo, maana kijana anapandisha kioo kwa sababu haoni, kisha mvua inampiga machoni. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya 2008 yalionyesha kofia hiyo inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi. Bei yake haifiki hata hesabu ya wiki mbili.

Na sisi abiria tusijifiche. "Kaka kimbiza kabla haijanyesha." Nani hajawahi kuisema? Tunamkataza dereva kuegesha, tunakataa kofia eti inanuka, tunapunja mia tano, halafu jioni tunapost kwamba bodaboda hawana akili. Kigali mvua ikianza, motari wengi wanaegesha, dereva na abiria wanajibanza pamoja chini ya paa la kituo cha mafuta, na hakuna anayeona ajabu. Mvua za Machi hadi Mei ni zao na zetu. Kilichotofautiana ni kwamba wao wamekubali kuchelewa.

Jifunze sentensi moja tu masika haya: "Kaka, paki tusubiri, nitakuongezea." Haina ugumu wowote.

Na sisi waandishi, kabla ya kuandika mwendo kasi, tuulize lile swali la pili. Hesabu yake ilikuwa shilingi ngapi? Alikuwa anadaiwa siku ngapi? Tairi lilikuwaje, na nani alipaswa kulinunua? Majibu hayo yakianza kuonekana magazetini, kuna watu wengi wenye tai watakosa usingizi, na usingizi huo wanastahili kuukosa.

Yule kijana nilimwachia pikipiki ilivyo, bila deni. Msinipigie makofi, nimelipa kidogo sana kwa kosa kubwa. Ameitengeneza, anaiendesha mdogo wake. Juzi mvua ilipoanza nilimpigia yule mdogo kumuuliza yuko wapi. Akaniambia yuko kijiweni, amepaki, anakula mahindi ya kuchoma.

Nikamwambia safi sana, kula na mengine.

Alamsiki.