Raha ya muziki uani isiwe karaha kwa jirani

Siku hizi mtu akimaliza kujenga nyumba yake hapa Plateau, nje ya mji wa Eldoret, hakosi kutenga mahali pa kupumzikia nje. Veranda husakafiwa, viti hupangwa, jiko la kuchomea nyama huwekwa pembeni, kisha huja swali la muziki. Ni jambo zuri. Anayetoka jasho wiki nzima ana haki ya kuketi kwake na kusikiliza wimbo aupendao.

Taabu huanzia dukani. Wengi huingia katika maduka ya vifaa vya umeme wakitaka spika kubwa kuliko zote ambazo pesa zao zinaweza kununua. Muuzaji naye huifungulia hadi vioo vitetemeke, na mnunuzi huondoka ameridhika. Hakuna anayeuliza sauti hiyo itafika wapi ikishawekwa uani. Maoni yangu ni kwamba spika ya nje inafaa kuchaguliwa jinsi dawa inavyotolewa, yaani kwa kipimo.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida huwa karibu desibeli 60. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, na mtoto asizidi desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda ulio salama hupungua kwa nusu. Sauti ikifika desibeli 100, mtu mzima amebakiwa na dakika 20 hivi kwa wiki nzima. Mtoto anayecheza mbele ya spika yenye nguvu hiyo huwa amemaliza kipimo chake cha wiki kabla ya wimbo wa tatu kwisha.

Ndani ya sikio mna chembe ndogo zenye vinyweleo, kama 15,000 katika kila sikio, ambazo hupokea mitetemo ya sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Chembe hizo zikifa hazioti tena. Hakuna tembe wala sindano ya kuzirudisha. Mtu akitoka kwenye sherehe masikio yakivuma, au akisikia kana kwamba yamezibwa kwa pamba, hiyo ni ishara kwamba yameumia. Hali hiyo huenda ikaisha kufikia kesho yake, lakini ikirudiwa mara kwa mara, madhara hujilimbikiza. Miaka ikipita, mhusika huanza kuwaomba watu warudie maneno, huku akidhani ni wao wanaonong'ona.

Kisha kuna jirani. Ploti nyingi siku hizi ni za futi 50 kwa 100, yaani takriban mita 15 kwa 30. Mahali pa wazi, sauti hupungua kwa desibeli sita kila umbali unapoongezeka maradufu. Spika inayotoa desibeli 90 ukiwa mita moja kutoka kwake itakuwa ingali na desibeli 66 umbali wa mita 16, ambapo tayari umevuka mpaka na kuingia kwa mwenzako. Kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, ziliweka kikomo cha desibeli 50 nje ya makazi wakati wa mchana, na 35 usiku. Usiku katika kanuni hizo huanza baada ya saa mbili jioni na kuendelea hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Baridi yetu nayo huongeza tatizo. Katika nyanda hizi za juu, usiku usio na mawingu ardhi hupoa haraka, na hewa iliyo karibu nayo huwa baridi kuliko ile ya juu. Hali hiyo huipinda sauti na kuirudisha chini, ikasafiri mbali kuliko mchana. Ua wa michongoma hauzuii kitu cha maana, na mdundo wa besi hupenya hata ukuta wa mawe. Anayeumia ni mgonjwa wa shinikizo la damu, mama aliyejifungua juzi, mwanafunzi wa mtihani au muuguzi aliyetoka zamu. Kelele za usiku huukatiza usingizi na kuufanya moyo upige mbio, hata kama mtu hakuamka kabisa. Usingizi unaokatizwa kila wikendi hudhuru afya ya moyo.

Basi ununue nini? Chukua spika mbili ndogo badala ya moja kubwa, uziweke karibu na viti, mita mbili hivi kutoka kwa wasikilizaji. Zikitoa desibeli 70 kwa mita moja, walioketi watapata kama 64, ambazo zinatosha kwa muziki na mazungumzo, na zikifika mita 16 zitakuwa zimeshuka hadi 46. Zielekeze kwenye nyumba yako, si kwenye ua. Usiziweke kwenye kona ya kuta mbili, maana kona hukuza besi. Wufa iache sebuleni.

Kwa sababu ya mvua zetu, tazama alama ya IP kwenye boksi. Tarakimu ya pili huonyesha kinga dhidi ya maji: 4 inatosha chini ya paa la veranda, lakini mahali pa wazi tafuta 5 au zaidi. Usilaze waya wa umeme kwenye nyasi zilizolowa, na umwambie fundi akufungie swichi inayokata umeme unapovuja.

Najua wapo watakaosema kwamba koito, ruracio au sherehe ya kufuzu haiwezi kufanywa kwa sauti ya kunong'ona. Ni kweli, na jirani mwema huvumilia siku moja, hasa akiarifiwa mapema na kualikwa. Hata hivyo, kuarifiwa hakuyakingi masikio. Watoto wakae mbali na spika, na muziki wa nje uzimwe usiku unapoingia, wageni wahamie ndani. Ninalopinga ni kufanya kila Jumamosi kuwa harusi. Katiba ya mwaka 2010 iliipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele, lakini askari wa kaunti hawezi kusimama kwenye kila lango. Jukumu la kwanza ni la mwenye nyumba.

Jumamosi hii washa muziki wako kwa kiwango ulichozoea, kisha utembee hadi kwenye ua na kusikiliza. Ukiweza kuyafuata maneno ya wimbo ukiwa hapo, jirani yako pia anayafuata, atake asitake. Rudi ukapunguze.