Bunduki Haisafishwi kwa Kalenda

Kuna desturi moja inayoheshimiwa kuliko inavyostahili, nami nakusudia kuishambulia katika kurasa hizi. Ni desturi ya kumwamuru mtu aliyekabidhiwa bunduki aifungue na kuisugua kila siku, au kila Jumamosi kabla ya ukaguzi, iwe imefyatuliwa au haikufyatuliwa, iwe imenyeshewa au ilikaa kavu kabatini, mpaka kitambaa cheupe kitoke ndani ya kasiba kikiwa cheupe vilevile kama kilivyoingia. Jambo hili huitwa nidhamu. Mimi nasema ni uharibifu wa mali, na mara nyingine ni uonevu.

Wahadhiri wetu watauliza: mwanafunzi wa Kiswahili ana nini na bunduki? Anayo mengi. Kabla Kiswahili hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, wazee wetu wengi walikisikia zaidi sokoni na midomoni mwa askari. Hata leo hapa Kamembe mtu akitaka kuamrisha kwa ukali, Kinyarwanda hukiweka kando akasema kwa Kiswahili. Neno "afande" lenyewe ni ushahidi: ni "efendi" ya Kituruki, lililopita Misri na Sudani, likaingia katika jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, likabaki vinywani mwetu ingawa walioleta wameondoka zamani. Amri ya kusugua bunduki imesafiri vivyo hivyo, sababu yake ikadondoka njiani. Tofauti ni kwamba neno lililosahau kwao halimdhuru mtu.

Sababu yenyewe ilikuwa ya kweli, na ilikuwa hapa hapa kwetu. Vita vilipofika kwenye mto Ruzizi mwaka 1914, Wajerumani wakiwa upande huu wa Cyangugu, ambayo wao waliiandika Shangugu, na Wabelgiji upande wa Kongo, askari wengi wa pande zote mbili walibeba bunduki za kizazi kilichopita. Kampuni nyingi za askari wa Wajerumani zilikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871. Askari wa Force Publique walikuwa na Albini, inayotiwa risasi moja moja. Zote zilitumia baruti nyeusi. Baruti hiyo ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi, bali hubaki vitu vigumu: vingine huruka vikawa ule moshi mzito uliomtangazia adui mahali askari alipojificha, na vingine huganda ndani ya kasiba. Masizi hayo yana chumvi chumvi zinazovuta unyevu wa hewa. Mtu aliyefyatua risasi ishirini jioni kando ya ziwa Kivu, akalala bila kuosha bunduki yake kwa maji, asubuhi angekuta kutu imeanza kula chuma. Sajini aliyefoka jioni ile alikuwa na haki.

Kisha ikaja baruti isiyo na moshi, na ungedhani taabu imekwisha. Haikwisha, kwa sababu ya kitu kidogo kiitwacho fataki, kile kidonge kilicho nyuma ya ganda la risasi ambacho hugongwa ili kuwasha baruti. Kwa miaka mingi fataki zilitengenezwa kwa klorati ya potasiamu, na klorati ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni ndugu wa karibu wa chumvi ya jikoni. Hapa ndipo walio wengi wanapokosea hadi leo: mafuta hayayeyushi chumvi. Unaweza kuipaka bunduki mafuta mpaka ikatiririka, na chumvi ikabaki chini ya mafuta ikifanya kazi yake kimyakimya. Dawa ya chumvi ni maji. Ndiyo maana jeshi la Uingereza, ambalo bunduki yake ya Lee-Enfield ilibebwa pia na askari wa King's African Rifles wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa, liliwafundisha askari kumimina maji ya moto ndani ya kasiba baada ya kufyatua, kisha kukausha, kisha ndipo mafuta. Wengine walirudia usafi siku tatu mfululizo, maana chumvi iliyojificha hutoka polepole.

Viwanda vya Ujerumani vilikuwa tayari vikiuza fataki zisizo na chumvi hiyo katika miaka ya 1920. Wengine walichelewa sana. Risasi za kijeshi za Kisovieti na nyingi za Kichina, zile zile zilizotapakaa katika eneo letu la Maziwa Makuu, ziliendelea kuwa na fataki za zamani kwa miongo mingi. Kwa hiyo swali la "mara ngapi" halijibiki kabla ya kuuliza "risasi gani". Mkaguzi anayejua siku za wiki lakini hajui risasi iliyo katika magazini za watu wake hajui kazi yake.

Nimesema uharibifu, basi niueleze. Sehemu muhimu kuliko zote katika kasiba ni ile sentimita ya mwisho, mdomo wake, pale risasi inapoagana na chuma. Mdomo ukilika upande mmoja, risasi hutoka ikiwa imesukumwa pembeni, na hakuna shabaha itakayorekebisha hilo. Ni nini huula mdomo huo? Mara nyingi si risasi, bali usafi. Waingereza waliligundua hili kwa Lee-Enfield zao: kamba ya kusafishia, iliyovutwa ndani ya kasiba kila siku ikiwa imebeba vumbi, ilichimba mfereo mdomoni kama kamba ya ndoo inavyochimba ukingo wa kisima. Mdeki wa chuma ni mbaya zaidi ukisukumwa kwa pupa. Walioiunda AK walilijua hilo, maana kifuniko cha kile kikopo cha vifaa kinachofichwa ndani ya kitako kimetobolewa makusudi ili kivishwe mdomoni na kuuelekeza mdeki upite katikati. Waulize walinzi kumi kazi ya tundu lile, uone wangapi walifundishwa.

Jirani yetu mmoja hapa Rusizi ni mlinzi wa usiku wa kampuni ambayo sitaitaja. Bunduki anayokabidhiwa hajawahi kuifyatua. Mwaka jana alikatwa sehemu ya mshahara kwa sababu bunduki yake "haing'ai". Mwezi uliofuata akaing'arisha: alinunua msasa dukani akasugua mpaka ile rangi nyeusi yote ikatoka na chuma kikabaki cheupe kama sufuria mpya. Mkaguzi akamsifu. Ile rangi nyeusi haikuwa uchafu. Ni ngozi iliyotiwa kiwandani ili kuzuia kutu na kushika mafuta, na bunduki isiyo nayo, katika mji wenye mvua kuanzia Septemba hadi Mei, itashika kutu kila inaponyeshewa. Sasa analazimika kweli kuisugua kila siku. Aliadhibiwa kwa kosa ambalo hakulifanya, akasifiwa kwa lile alilolifanya.

Tena kuna mafuta. Ukishuka Bugarama, penye kiwanda cha saruji, vumbi lipo hewani mchana kutwa. Bunduki iliyolowa mafuta mahali kama pale hukusanya vumbi likawa uji wa mchanga, na kila sehemu inapotembea uji ule husaga chuma. Mtu wa Bugarama anahitaji mafuta kiasi cha kuacha alama ya kidole, basi. Mtu wa Kamembe anayelinda chini ya mvua anahitaji zaidi kidogo. Amri moja kwa wote wawili ni uvivu wa anayeamuru.

Na hatari je? Kila bunduki inapofunguliwa kuna nafasi ya kusahau. Utaratibu ni kutoa magazini kwanza, kisha kuvuta komeo nyuma, kisha kuchungulia chemba kwa jicho na kuigusa kwa kidole. Mtu aliyechoka, saa kumi na mbili asubuhi baada ya mkesha, akigeuza hatua mbili za mwanzo, anavuta komeo huku magazini ikiwa bado mahali pake, risasi mpya inaingia chembani, naye anatoa magazini akiamini silaha ni tupu. Desturi inayomlazimisha kufanya hivi mara mia tatu kwa mwaka bila sababu inamuongezea hatari mara mia tatu.

Sasa wapo watakaofurahia maneno yangu kwa sababu mbaya. Ni wale wasemao AK haihitaji kusafishwa kabisa, kwamba unaweza kuizika matopeni, ukaifukua na kupiga. Hao nao sikubaliani nao hata kidogo. AK huvumilia kwa sababu sehemu zake zina nafasi pana na kasiba yake hupakwa kromu kwa ndani, si kwa muujiza. Na si kila kinachoitwa AK ni kile kile: nyingi za M70 zilizotengenezwa Yugoslavia hazikuwa na kromu hiyo, na kwa fataki za zamani huliwa na kutu kama bunduki nyingine yoyote.

Marekani ilishalipa gharama ya imani hii. Ilipopeleka M16 Vietnam katikati ya miaka ya 1960, sifa ilienea kwamba bunduki hiyo karibu inajisafisha yenyewe. Wengi walipewa bila vifaa vya kuisafishia. Wakati huohuo aina ya baruti ilibadilishwa, ikawa inaacha masizi zaidi, na chemba haikuwa na kromu. Bunduki zilikwama katikati ya mapigano, na baadhi ya askari walikutwa wamekufa huku mdeki ukiwa mkononi, wakijaribu kusukuma nje ganda lililonasa. Kamati ya bunge lao ilichunguza mwaka 1967 na kulaumu vikali. Chemba zikatiwa kromu, vifaa vikagawiwa, kisha likaja jambo ambalo sisi wanafunzi wa lugha tungelizingatia: jeshi lilimwajiri mchoraji wa katuni, Will Eisner, kutengeneza kijitabu cha picha chenye lugha ya askari wenyewe, kikieleza nini kisafishwe na kwa nini.

Ninachodai ni kidogo. Bunduki ikifyatuliwa, isafishwe siku ile ile, na kama risasi ni za fataki za chumvi, kwa maji kwanza, kisha ikaguliwe tena siku mbili zinazofuata. Ikinyeshewa, ikaushwe kabla mtu hajalala na ipakwe mafuta kidogo. Isipofyatuliwa wala kunyeshewa, ifutwe nje, ichunguliwe kasiba kama kuna tope au mdudu amejenga, halafu iachwe. Kufunguliwa yote na kusuguliwa kungoje sababu. Na mshahara wa mlinzi usikatwe kwa ajili ya kung'aa.

Nimewahi kujibiwa, na mtu mwenye cheo, kwamba walinzi wengi hawakusoma sana, hawataelewa kemia, heri wapewe amri moja fupi. Huko ni kuwadharau watu. Hakuna nyumba Cyangugu ambayo haijaona kopo la chumvi lililoachwa wazi majira ya mvua likilowa lenyewe bila tone la maji kumwagiwa, wala msumari uliolazwa humo usishike kutu. Mwambie mlinzi kwamba, risasi zake zikiwa za fataki za zamani, chumvi ya jamii ile imo ndani ya kasiba yake kila anapofyatua, na kwamba mafuta hayaiondoi. Ataelewa kabla hujamaliza kusema, na pengine atakuuliza mbona hukumwambia siku ile ulipomkabidhi bunduki.