Benchi Fupi na Kichwa cha Mchezaji

Jumapili moja nilikuwa Igawa, kwenye uwanja usio na ukuta, si mbali na barabara kuu iendayo Mbeya, nikiwa mtazamaji tu. Timu ya wageni ilikuwa imefika kwa gari dogo moja, wachezaji kumi na watatu wakiwa wamebanana pamoja na mipira yao. Kufikia mapumziko walikuwa wamekwisha kuwaingiza wachezaji wote wawili wa akiba. Kipindi cha pili beki wao wa kati aligongana vichwa na mshambuliaji, akaanguka, akabaki chini bila kujitikisa. Aliponyanyuka alianza kutembea kuelekea lango lisilo lake.

Nilimwendea mwalimu wa timu, nikajitambulisha, nikamwambia kijana yule asirudi kucheza siku hiyo. Hakunibishia. “Daktari, nimekuelewa,” alisema, “lakini tazama nyuma yangu. Nina nani?” Nyuma yake palikuwa na mabegi na ndoo ya maji. Kijana alimwagiwa maji kichwani, akarudi uwanjani, akacheza hadi filimbi ya mwisho.

Tangu siku hiyo nimeuhesabu urefu wa benchi la wachezaji wa akiba kuwa suala la tiba. Wengi hudhani idadi ya wachezaji wanaovaa jezi ni jambo la makocha na viongozi wa vyama. Mimi naona kwamba neno la daktari uwanjani lina nguvu pale tu panapokuwa na mtu wa kuingia. Timu yenye benchi tupu huambiwa ichague kati ya kichwa cha mtu mmoja na matokeo ya wote, nasi twajua mara nyingi huchagua nini.

Mtikisiko wa ubongo si lazima uambatane na kupoteza fahamu, wala hauonekani kama mfupa uliovunjika. Mchezaji huweza kusimama, kukimbia, hata kupiga mpira vizuri, ilhali hakumbuki matokeo yako vipi. Akipigwa mara ya pili kabla ubongo haujapona, hasa akiwa kijana, ubongo waweza kuvimba kwa kasi na kumuua. Ni jambo la nadra, lakini likitokea Igawa, hospitali ya rufaa iko Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo.

Haya si ya viwanja vya vumbi pekee. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2014, Christoph Kramer wa Ujerumani alipigwa kichwani, akaendelea kucheza kwa takriban dakika 14, kisha akamuuliza mwamuzi kama ile ndiyo fainali. Ujerumani ilikuwa na benchi lililojaa. Pale kilichokosekana ni uamuzi. Kwetu hukosekana vyote viwili.

Sheria za soka zimebadilika polepole. Kombe la Dunia lilipata wachezaji wa akiba kwa mara ya kwanza mwaka 1970, wawili tu kwa kila timu. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, ziliruhusiwa badiliko tano, na mwaka 2022 idadi hiyo ikawa ya kudumu. Siku hizi shindano laweza kuruhusu hadi wachezaji 15 wa akiba kuandikwa kwenye orodha ya mchezo. Tangu Julai 2024 laweza pia kuruhusu badiliko moja la ziada kwa aliyeumia kichwa, nayo timu pinzani hupewa badiliko la ziada ili pasiwe na hila.

Wenzetu wa mpira wa magongo wa barafuni wana mjadala huohuo. Katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini kila timu huvalisha wachezaji 20, wawili kati yao wakiwa makipa, na wanaocheza kwa wakati mmoja ni sita. Wachezaji hupokezana kila baada ya sekunde chache, chini ya dakika moja. Mashindano ya dunia huruhusu 22. Wanaotaka ligi ile iongeze idadi husema kwamba mabeki wawili wakiumia mapema, wanne waliobaki hubeba dakika zao zote, na mwili uliochoka huumia kwa urahisi. Nakubaliana nao.

Kipingamizi kikubwa ni fedha. Watu wa Mbarali hawajaisahau Novemba 29, 2022, Ihefu ilipoifunga Yanga 2-1 pale Highland Estates, Ubaruku, na kukatisha mfululizo wa michezo 49 ya ligi bila kufungwa. Wanaohofia kwamba nafasi zaidi za akiba zitawanufaisha matajiri wana hoja. Kwa sababu hiyo sitetei badiliko zaidi za kimbinu. Natetea majina zaidi kwenye orodha, na nafasi moja isiyoguswa ila kwa jeraha la kichwa.

Na timu isiyo na nauli ya kuleta watu 18? Hapa magongo yana jambo la kutufundisha. Kule timu mwenyeji ilikuwa ikiweka kipa wa dharura aliyeweza kuichezea timu yoyote kati ya mbili. Februari 22, 2020, mjini Toronto, David Ayres, mtu wa miaka 42 aliyewahi kupandikizwa figo ya mama yake, aliingia kuidakia timu ya wageni, Carolina, nayo ikashinda 6-3. Kwa nini ligi zetu za wilaya zisiruhusu kijiji mwenyeji kitoe vijana wawili, walioandikishwa kabla ya mchezo, wa kuchukua nafasi ya aliyeumia kichwa upande wowote? Ushindani utapungua kidogo, nakiri.

Kwa muuguzi au mzazi aliyepo uwanjani: kijana akichanganyikiwa baada ya kugongwa, mtoeni, na asirudi siku hiyo hata akisema yu mzima. Asiachwe peke yake usiku. Akitapika tena na tena, akizidiwa na maumivu ya kichwa, akipata degedege, au akiwa mgumu kuamshwa, apelekwe hospitali mara moja.

Beki yule alikuja kliniki siku nne baadaye, akisindikizwa na mama yake. Alilalamikia mwanga na kelele. Mchezo wenyewe haukumbuki. Ameambiwa tu kwamba walitoka sare.