Anamsikiliza Bi Shida, Wewe Je?

Mwezi huu tuongee kuhusu mgeni aliyeanza kuingia kimya kimya kwenye nyumba zetu, hasa zile ambazo mmoja wa wawili anatengeneza programu za kompyuta. Mgeni huyo anaitwa wakala. Siyo yule wa kutoa na kuweka pesa pale kona ya mtaa, hapana. Huyu ni wakala wa akili mnemba, au AI kama wengi tunavyoiita. Unampa kazi kwa maneno ya kawaida, naye anafungua mafaili, anaandika msimbo wa programu, anaujaribu na kukuletea majibu.

Na siku hizi mmoja hatoshi. Watu wanaunda timu nzima, kila wakala na jina, cheo na tabia yake. Kuna kijana mmoja namfahamu, programa mzuri tu, ana wanne. Mzee Ramani anapanga programu ikae vipi. Fundi anaandika. Dada Jaribu anaibonyeza huku na kule kutafuta inapokwama. Halafu yupo Bi Shida, ambaye kazi yake ni kukosoa. Mkali, hazunguki, hasifii kitu ovyo.

Mkewe ndiye aliyenichekesha, kisha akaniacha nawaza. "Bi Shida akimwambia kazi yako mbovu, anasema ahsante na kurekebisha usiku huo huo," aliniambia. "Mimi nikimwambia hesabu zetu za kiwanja hazijakaa sawa, ananuna siku mbili."

Jamani! Lakini kabla hatujamhukumu shemeji yetu, tuelewe kwanza anachofanya.

Jambo lenyewe siyo mchezo wa watoto. Mwaka 2023 watafiti wa China, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, walitoa ChatDev, ambayo ni kama kampuni ya kuigiza. Mkurugenzi, programa, mkaguzi na mjaribu wote ni AI, na wanajadiliana wao kwa wao mpaka programu itoke. Kuna nyingine iitwayo CrewAI, ambayo kila wakala unamjazia vitu vitatu: wadhifa, lengo na historia yake. Julai 2025 kampuni ya Anthropic nayo ikaongeza uwezo huo kwenye Claude Code. Pale unaandika faili dogo linaloeleza wakala ni nani, aitwe lini na aruhusiwe kugusa nini.

Sasa swali la wengi: hizo tabia zinasaidia kweli, au ni mbwembwe tu? Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2024 ulijaribu wahusika 162 kwenye maswali ya kujua ukweli wa mambo. Ilionekana kwamba kwa ujumla kuiambia AI "wewe ni mtu fulani" hakukuifanya ijibu vizuri zaidi. Maswali yale hayakuwa ya kuandika programu, lakini fundisho lipo. Jina zuri peke yake halileti akili.

Kinachomfanya Bi Shida awe na faida ni mambo matatu. La kwanza ni mipaka. Anaruhusiwa kusoma kazi, haruhusiwi kuibadilisha, kwa hiyo hawezi kuficha kasoro kwa kuiziba juu juu. La pili ni macho mapya. Anaanza na mazungumzo yake mwenyewe, hakukaa na Fundi saa tatu nzima wakipeana moyo. La tatu ni ruhusa ya kukataa. AI ina ugonjwa wa kumpendeza bosi wake. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kuondoa toleo jipya la ChatGPT kwa sababu lilikuwa linasifia watu kupita kiasi. Ndiyo maana Bi Shida ameandikiwa kabisa: tafuta kasoro, onyesha mstari wenyewe, eleza itaharibu nini.

Ila usisahau kitu kimoja. Mara nyingi Mzee Ramani, Fundi na Bi Shida ni AI ile ile iliyobadilishiwa kofia, na nyani haoni kundule. Asilojua Fundi, huenda Bi Shida naye halijui. Kama programu inagusa mishahara au pesa za wateja, lazima binadamu aisome kabla haijatoka.

Turudi nyumbani sasa. Kwa nini Bi Shida anasikika kirahisi hivyo? Kwanza umemwita mwenyewe, saa uliyoitaka. Hakumbushii ya mwaka juzi. Akikuchosha unamzima. Mwenzako hazimwi, na wala hukumwandikia wewe tabia zake. Lakini kumbuka Bi Shida halipi kodi ya nyumba. Kiwanja kikipotea hatalia na wewe. Anayekukosoa huku akijua matokeo yatamfikia na yeye, maneno yake yana uzito ambao hakuna faili litakaloweza kuuandika.

Kwa hiyo wewe mwenye timu, huo uvumilivu unaompa Bi Shida uulete na mezani. Tengeni saa moja kwa wiki ya hesabu za nyumbani. Wewe ndiye uanze: "Hebu nionyeshe nilipokosea." Mwache amalize, usijitetee katikati. Wakala wako humkatizi anapoorodhesha kasoro kumi, mkeo unashindwaje kumsikiliza akitaja mbili?

Na wewe unayelalamika kwamba husikilizwi, kuna kitu cha kuiba kwa huyo mama wa kwenye kompyuta. Yeye anasema "mstari wa 40 una tatizo", hasemi "wewe siku zote uko hivi hivi". Taja jambo lenyewe, taja madhara yake, kisha nyamaza umpe nafasi ya kurekebisha. "Malipo ya Machi hayamo kwenye daftari, na muuzaji ametupa mpaka tarehe 15" ni maneno yanayofanyiwa kazi. "Wewe na pesa hamjui kukaa pamoja" ni maneno ya kuanzisha vita.

Yule mke nilimwambia hayo hayo. Akacheka, akasema atajaribu, ila kwa sharti moja: siku ya hesabu, kompyuta ibaki imefungwa. Sharti zuri hilo, na wewe liibe.

Tukutane mwezi ujao. Mpendane!