Wanariadha Wetu Wasiuawe Majumbani Mwao

Dalili ya mvua ni mawingu. Sisi wakazi wa Garsen hatuhitaji kufafanuliwa methali hiyo. Kabla ya damu kumwagika Riketa, Kilelengwani na Kipao mwaka wa 2012, ugomvi juu ya malisho na maji ulikuwa umetokota kwa miezi mingi machoni petu. Zaidi ya watu 100 waliangamia.

Nayakumbuka hayo kila nitafakaripo vifo vya wanariadha wetu. Mnamo Oktoba 13, 2021, Agnes Tirop, mwenye umri wa miaka 25, alikutwa amedungwa kisu nyumbani kwake Iten. Ulikuwa umepita mwezi mmoja tu tangu aweke rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake pekee nchini Ujerumani. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji, akakana. Septemba 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda alimwagiwa petroli na kuwashwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, muda mfupi baada ya kukimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris. Alifariki siku nne baadaye. Taarifa ya chifu ilitaja mzozo wa shamba, na jamaa zake walisema walikuwa wamekwisha kulalamika kwa polisi. Mawingu, basi, yalionekana.

Yamkini mzazi fulani hapa Tana River atasema heri bintiye asikimbie kabisa. Mimi sikubaliani naye. Mbio hazikumuua mtu. Hatari huanza pale msichana anapoanza kupata tuzo, naye mwanamume ajiitaye mume, mlezi au kocha akazishika fedha hizo na kuandikisha shamba kwa jina lake mwenyewe. Siku mwenye jasho anapodai haki yake, ndipo kisu kinapochomolewa.

Kwa hiyo nawageukia walimu wenzangu. Tunawafunza wasichana kuanza mbio kwa kasi na kumaliza kwa nguvu. Je, tumewafunza kufungua akaunti ya benki kwa majina yao, na kusoma mkataba au hatimiliki kabla ya kutia sahihi? Tumewaambia kwamba sheria ya mwaka wa 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani humwezesha anayetishwa kuomba amri ya mahakama kabla hajaumizwa?

Nanyi wanafunzi, anayewatisha hawapendi. Semeni mapema, kwa mwalimu, kwa mzazi, kwa chifu. Wavulana nao wajue kwamba medali ya mke si mali ya mume.

Aidha, polisi na machifu waache kuwarudisha walalamikaji kwa kisingizio kwamba mambo ya nyumbani ni siri ya wawili. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Garsen tumejifunza hilo makaburini. Si lazima mabinti zetu walijifunze huko pia.