Kloni: Hii au Huyu?

Mkulima wa Nanganga, pale barabara za Nachingwea na Ruangwa zinapokutana na ile iendayo Masasi, huzalisha kloni kila msimu bila kuziita jina hilo. Akatapo shina la muhogo na kupanda pingili zake, kila mmea unaochipua hubeba vinasaba vilevile vya shina mama. Ndivyo ilivyo kwa mikorosho ya kubebesha: vikonyo vya mti mmoja uliosifika kwa mavuno husambazwa katika mashamba mengi. Kwa mimea, jambo hili halimkoseshi mtu usingizi. Utata huanza pale anayenakiliwa anapokuwa binadamu.

Kondoo Dolly alizaliwa Scotland mwezi Julai 1996. Watafiti wa Taasisi ya Roslin waliunganisha mayai 277 na seli za kiwele cha kondoo mzima, wakapata mwanakondoo mmoja tu. Hadi leo hakuna ushahidi wa kisayansi wa mtoto wa binadamu aliyezaliwa kwa njia hiyo. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la kuyataka mataifa yapige marufuku jambo hilo, ingawa azimio hilo halina nguvu ya sheria. Lilishughulikia kutengenezwa kwa kloni. Halikusema mtoto huyo, akishazaliwa, atendewe vipi.

Pengo hilo ndilo aliloliingia Kazuo Ishiguro katika riwaya yake ya mwaka 2005, Never Let Me Go. Kathy, Ruth na Tommy wanalelewa katika shule ya bweni iliyoko mashambani Uingereza. Wanacheza, wanagombana, wanapendana. Wao ni kloni, na wamezalishwa ili wakikua watolewe viungo kimoja baada ya kingine mpaka wafe. Kufa kwao hakuitwi kufa. Husemwa kwamba "wamekamilisha".

Walezi wa shule hiyo hukusanya michoro ya watoto ili waionyeshe dunia kwamba nao wana roho. Wasomaji wengi huwasifu walezi hao kwa huruma yao. Sifa hiyo ni ya kupita kiasi. Anayekubali kwamba mtoto lazima alete mchoro ndipo ahesabiwe kuwa mtu, amekwisha kukubali pia kwamba asiyejua kuchora anaweza kukatwa. Linalotisha zaidi ni kwamba katika kisa chote hakuna daktari hata mmoja anayeweka kisu chini na kukataa.

Si haki kumbeza mgonjwa anayekitamani kiungo kipya. Mtu wa Ruangwa ambaye figo zake zimeshindwa hulazimika kusafiri mbali na kwao kufuata mashine ya kusafisha damu, na kila safari ina nauli yake. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini mwezi Novemba 2017, na kwa wengi hiyo ilikuwa habari ya uhai. Lakini ndugu anayetoa figo huulizwa kwanza, na ana haki ya kujibu hapana. Kathy na wenzake hawakuulizwa.

Atakayesema hayo ni ndoto za Wazungu na akumbuke yaliyotokea Tanzania tangu katikati ya miaka ya 2000. Watu wenye ualbino, wakiwamo watoto wadogo, waliuawa na kukatwa viungo vilivyouzwa kwa imani za kishirikina. Kabla ya panga kulikuwa na maneno. Walisemwa kwamba hawafi bali hutoweka, maneno ambayo kazi yake ni ileile ya "kukamilisha". Waliitwa kwa majina ya vitu na mizimu. Na mtu akishaitwa kitu, atatokea wa kumtia bei.

Kiswahili humlazimisha msemaji kuchagua. Kloni "hii" au kloni "huyu"? Anayesema "hii" amemweka mtu katika ngeli ya pingili. Wodini pia uchaguzi huo hufanywa kila siku, mara nyingi kwa haraka tu: "kitanda namba nne hakijala", "ile figo imeletwa?" Mhudumu aliyechoka hana nia mbaya asemapo hivyo, lakini mgonjwa anasikia, na mwanafunzi wa uuguzi aliye pembeni anajifunza.

Ibara ya 12 ya Katiba ya Tanzania inatambua kwamba binadamu wote huzaliwa huru na sawa, bila kuuliza mimba ilitungwaje. Kloni wa binadamu naye angekaa tumboni miezi yake, angezaliwa kichanga na kulia. Angefanana na mwenye vinasaba kama pacha wa kufanana, tena pacha aliyechelewa kwa miaka mingi, na hata alama zake za vidole zingekuwa zake mwenyewe. Kama angezaliwa katika zahanati ya kijiji, muuguzi angempima uzito, angemfungulia kadi ya kliniki kwa jina atakalopewa na mama yake, kisha angempa chanjo ya BCG na matone ya polio kama watoto wengine waliozaliwa siku hiyo.