Bia haizeeki, inakomaa

Katika mazoezi ya kutafsiri, wenzetu kadhaa walikata shauri kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza ladha ya bia nyeusi iliyolazwa ndani ya pipa la mbao. Waliacha maneno ya Kifaransa yalivyo, na pale walipothubutu waliandika «pombe kali iliyozeeka». Mimi nakataa.

Tuanze na «kali». Mtu wa Kibombo akisoma «pombe kali» anafikiria lotoko. Bia hii ina nguvu kweli, mara nyingi asilimia 10 ya alkoholi au zaidi, lakini kinachoshangaza kwanza ni uzito wake mdomoni, hata kwa sisi tuliozoea Turbo King. Basi tuseme «bia nzito». Na kuzeeka ni kuishiwa nguvu. Kitu kinachongojewa mpaka kiwe kizuri kinakomaa.

Pipa ndilo linalonichekesha. Neno hilo tulilipata kwa Wareno, na kwao lilikuwa chombo cha mbao cha kuwekea mvinyo (hata «mvinyo» ni lao). Sisi tumelijaza mazutu na mawese hadi tukasahau mbao. Huko Marekani, sheria inataka wiski ya bourbon iwekwe ndani ya mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Yakishatumika, wapika bia huyanunua. Bia ikilala humo miezi kadhaa, inavuta vanila, moshi na mabaki ya wiski.

Je, hayo ni mageni kwetu? Kahawa iliyokaangwa karibu kuungua tunaijua. Moshi tunaujua, sisi walaji wa samaki wa kukaushwa. Na ule ukavu ambao mbao huacha kwenye ulimi una jina lake, ukakasi. Muulize mtoto aliyeuma ndizi mbichi.

Ugumu uko kwingine, na hapo wenzetu wako sawa kidogo. Mgema huonja kwa saa: tembo la asubuhi ni tamu, la jioni linauma, la kesho kutwa ni siki. Maneno yetu yamezoea kinywaji kinachokimbia, na hiki kinangoja hata mwaka mzima. Itabidi tuyanyooshe.

Natoa sentensi yangu: «Bia nyeusi, nzito, iliyokomaa ndani ya pipa la mbao, inanukia moshi na kahawa, na mwishoni inaacha ukakasi.» Mwenye iliyo bora ailete kwenye zoezi lijalo.